Kazadi Mwamba, kipa aliyeonja pande zote mbili za filimbi

Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, ubishi wa mpira hauna msimu. Wavuvi wanaongoja giza liingie ili watoke na taa zao ziwani, vijana wa pikipiki wanasubiri abiria, wanafunzi wanatoka masomo Mulongwe, na kila kundi lina kesi yake: penalti iliyonyimwa, bao lililokataliwa, kadi aliyopewa asiyestahili. Mashabiki wa TP Mazembe wanasema ligi iko mikononi mwa watu wa Kinshasa. Wale wa Vita Club wanajibu kwamba Lubumbashi kuna pesa za kununua kila kitu. Na wanaopenda timu za Kivu wanasema wote wawili wanapendelewa, na Mashariki ndiyo inayoonewa.

Ubishi huo una umri kuliko wengi wanaoufanya. Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yaliupitia toka mwanzo hadi mwisho. Ni Kazadi Mwamba, kipa wa Tout Puissant Englebert, klabu ambayo leo inaitwa TP Mazembe, na kipa wa timu ya taifa iliyoleta nyumbani Kombe la Afrika mara mbili. Alikufa mwaka wa 1996, kabla ya kufikisha miaka 50.

Mara mbili katika maisha yake, uamuzi uliobishaniwa ulikuwa na faida kwa timu yake. Mara moja, mbele ya dunia nzima, uamuzi uliokosewa uliiumiza. Mashabiki wengi wa Kongo wanaikumbuka ile moja tu.

Kijana wa wakati wa Wabelgiji

Kazadi alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka wa 1947, wakati Kongo ilikuwa bado koloni la Ubelgiji na Lubumbashi ikiitwa Élisabethville. Klabu atakayoitumikia ilikuwa na miaka 8. Mapadri Wabenedikto waliianzisha mwaka wa 1939 kwa ajili ya vijana wa mji huo wa shaba, na baadaye ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi ya gari.

Kazadi alifikia umri wa kucheza na wakubwa katika miaka migumu. Uhuru ulikuja mwaka wa 1960, Katanga ikajitenga na kurudishwa, na waasi wakapigana na jeshi la serikali katika sehemu nyingi za Mashariki, pamoja na nchi ya Uvira na Fizi. Katikati ya miaka hiyo, Englebert ikawa timu ya kuogopwa Afrika nzima.

Kwa wakaaji wa ufuko wa kaskazini wa Tanganyika, Lubumbashi ilikuwa mbali lakini haikuwa ngeni. Meli iliondoka bandari ya Kalundu kuelekea Kalemie, na toka Kalemie gari moshi liliendelea hadi Katanga. Watu na bidhaa walipita njia hiyo, na habari za mpira zilipita nao.

Kombe lililopatikana bila mechi ya mwisho

Mwaka wa 1967, Englebert ilifika fainali ya Kombe la klabu bingwa Afrika na kukutana na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza, mjini Kumasi, ilimalizika kwa bao 1-1. Ile ya pili, mjini Kinshasa, ikawa 2-2. Jumla ilikuwa 3-3, na wakati ule mikwaju ya penalti ya kumpata mshindi haikuwa bado katika mashindano hayo.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mechi iliisha bila mshindi kupatikana, na wakubwa wa mpira wa Afrika wakaamua kwamba timu hizo mbili zikutane mara ya tatu, mwishoni mwa mwaka, mjini Yaoundé, Kameruni. Englebert ilikuwa tayari. Kotoko haikuonekana. Kombe likapewa Wakongo.

Upande wa Ghana, maelezo yalikuwa kwamba taarifa ya mechi hiyo haikuifikia klabu kwa wakati, kwamba ilibaki mikononi mwa viongozi wa shirikisho lao. Kwa mashabiki wa Kumasi, hilo lilikuwa kombe lililochukuliwa mezani. Kwa mashabiki wa Lubumbashi, asiyekuja uwanjani amejishinda mwenyewe. Kila upande ulilala na haki yake.

Bahati nzuri ni kwamba jibu lingine lilikuja haraka, na lilitoka uwanjani. Chini ya mwezi mmoja baadaye, Kongo ilikwenda Ethiopia kucheza Kombe la Afrika la mataifa, na Kazadi ndiye aliyesimama golini. Tarehe 21 mwezi wa kwanza mwaka wa 1968, mjini Addis Ababa, Kongo ilikutana katika fainali na Ghana hiyohiyo, mabingwa wa 1963 na 1965. Kalala alifunga bao moja, na nyuma mlango ulibaki umefungwa hadi mwisho. Kongo ilishinda 1-0 na kupata kombe lake la kwanza la Afrika.

Englebert ilitetea taji lake la klabu kwa kuishinda Étoile Filante ya Lomé: 5-0 Kinshasa, kisha kushindwa 4-1 Togo, jumla 6-4. Ikafika fainali mbili zaidi mfululizo, na zote mbili ikashindwa: mbele ya Ismaily ya Misri, halafu mbele ya Kotoko, ambayo mara hii ilikuja Kinshasa na kushinda 2-1. Watu wa Kumasi walihesabu kwamba deni la 1967 limelipwa.

Wamaroko wasusa

Mwaka wa 1972 Mobutu alikuwa ameshaibadilisha nchi kuwa Zaire na kupiga marufuku majina ya Kikristo. Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba. Timu ya taifa ikaitwa Leopards, yaani Chui. Kocha wake alikuwa Blagoje Vidinić wa Yugoslavia, kipa wa zamani aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 1960, na ambaye alikuwa ameiongoza Maroko kwenye Kombe la Dunia la 1970.

Mwaka wa 1973 Zaire, Zambia na Maroko zilibaki tatu, zikigombea nafasi moja ya Afrika kwenye Kombe la Dunia. Zaire iliishinda Zambia mara mbili. Halafu, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili, Maroko ikaja Kinshasa na kufungwa 3-0. Kembo alifunga mawili na Mbungu moja, yote katika kipindi cha pili.

Wamaroko walirudi kwao na hasira. Walimlalamikia mwamuzi, wakataka mechi irudiwe. FIFA ilipokataa, hawakucheza mechi ya marudiano, na Zaire ikahesabiwa imeshinda 2-0. Hivyo ndivyo nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara ilivyopata tiketi ya Kombe la Dunia: kwa nguvu yake dhidi ya Zambia, na kwa mechi ambayo wapinzani wake hadi mwisho waliiita ya kuibiwa.

Katika Kinshasa, Lubumbashi au Uvira, hakuna aliyeandamana kudai kwamba malalamiko ya Wamaroko yachunguzwe. Watu walicheza usiku kucha. Mwaka huohuo Kazadi alichukua nafasi ya pili katika kura ya mchezaji bora wa Afrika, nyuma ya Tshimen Bwanga, mwenzake wa Mazembe. Kipa kupata heshima hiyo lilikuwa jambo la nadra.

Mwezi wa tatu wa 1974, huko Misri, Leopards walitwaa kombe lao la pili la Afrika. Katika nusu fainali walikuwa nyuma kwa bao 2-0 mbele ya wenyeji, wakageuza na kushinda 3-2. Fainali na Zambia iliisha 2-2 ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote 4 ya Zaire katika fainali hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba, ambaye alimaliza mashindano na mabao 9. Mobutu aliwapokea wachezaji kama wana wa taifa na kuwapa nyumba na magari.

Dakika 21 za Gelsenkirchen

Miezi mitatu baadaye, Ujerumani Magharibi. Mechi ya kwanza, Zaire ilishindwa na Scotland 2-0, na bao la pili, kichwa cha Joe Jordan, lilipita mikononi mwa Kazadi. Hata hivyo, waliotazama walikubali kwamba Waafrika hao wanajua mpira.

Mambo yaliharibika hotelini. Wachezaji walisema baadaye kwamba prime zao hazikuwafikia, kwamba pesa ziliishia kwa wakubwa waliosafiri na timu. Walifikiria kukataa kucheza mechi ya pili. Mwishowe waliingia uwanjani, lakini miguu ilikuwa mizito na roho haikuwapo.

Tarehe 18 mwezi wa sita, mjini Gelsenkirchen, wapinzani walikuwa Yugoslavia, nchi ya kocha wao. Dakika ya 8, bao la kwanza. Dakika ya 14, la pili. Dakika ya 18, la tatu. Dakika ya 21, Vidinić akamtoa Kazadi na kumuingiza Tubilandu, kipa wa akiba mwenye kimo kifupi. Kipa wa kwanza wa Afrika alitoka uwanjani kabla nusu ya kipindi cha kwanza haijaisha. Mara tu Tubilandu alipoingia, Yugoslavia ilipiga mpira wa adhabu, Katalinski akafunga la nne, na kazi ya kwanza ya kipa mpya ikawa kuokota mpira wavuni.

Toka siku hiyo, swali halikufa: kwa nini Myugoslavia alimtoa kipa wake bora mbele ya Yugoslavia? Wengi walijijibu kwamba kocha amewauza. Ni jibu rahisi, na lina utamu wa hadithi. Lakini Vidinić ndiye aliyewapa kombe la Afrika miezi mitatu kabla, na kipigo hicho kilichafua jina lake pamoja na la timu. Miaka ya baadaye alieleza kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mtu wa wizara aliyekuwa na msafara. Ikiwa ni hivyo, mkono uliomtoa Kazadi ulitoka Kinshasa, si Belgrade.

Kadi iliyokwenda kwa mwingine

Dakika ileile ya bao la nne, jambo lingine lilitokea. Wachezaji wa Zaire walimzunguka mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia, wakisema bao si halali. Katika msukumano huo, mlinzi Mwepu Ilunga alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Delgado aligeuka na kumpa kadi nyekundu Ndaye Mulamba.

Ndaye hakuwa amemgusa. Alilia na kujieleza, lakini hakusikilizwa. Mwepu mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye kwamba teke lilikuwa lake. Mfungaji bora wa Afrika alitolewa kwa kosa la mtu mwingine, na Zaire ikabaki na watu 10 kwa zaidi ya saa moja. Mechi iliisha 9-0.

Hilo ndilo tukio ambalo mashabiki wa Kongo wanalishika hadi leo kama ushahidi kwamba dunia haiwapendi. Kosa lilikuwa kubwa, na hakuna wa kulikanusha. Lakini linabeba mambo mawili kwa pamoja. Mwamuzi alikosea mtu, hakukosea tendo. Kweli teke lilipigwa, na kadi nyekundu ilistahili kutoka. Mwenye kuonewa alikuwa Ndaye. Timu ingebaki na watu 10 vilevile.

Leo kosa la namna hiyo limewekewa dawa. Video ya kumsaidia mwamuzi, iliyoingia Kombe la Dunia mwaka wa 2018, iliruhusiwa kwa mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine. Hilo la nne ni kesi ya Ndaye, ingawa lilichelewa miaka 44.

Bao la tatu la Brazili

Kazadi alirudishwa golini kwa mechi ya mwisho, tarehe 22 mwezi wa sita, dhidi ya Brazili, mabingwa wa dunia. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba watu wa Mobutu waliwaonya: wakifungwa bao 4 au zaidi, wasifikiri kurudi nyumbani. Brazili nayo ilihitaji tofauti ya bao 3 ili kuipita Scotland.

Jairzinho alifunga mapema, Rivelino akaongeza katika kipindi cha pili. Dakika ya 79, Valdomiro alipiga mpira toka pembeni, mpira ambao Kazadi angeushika siku nyingine yoyote. Ulimpita mikononi. Ikawa 3-0, ndilo hesabu ambalo Brazili ilihitaji, na Scotland ikarudi nyumbani bila kushindwa hata mechi moja.

Mara hii waliolia walikuwa Waskoti. Kipa wa Afrika, bao la ajabu, hesabu kamili ya kuwapa nafasi wakubwa: vipande vyote vya hadithi ya njama vilikuwapo. Kilichokosekana ni ushahidi. Kilichokuwapo ni kipa aliyeondolewa kwa aibu siku 4 kabla, timu isiyolipwa, na vitisho toka nyumbani. Mikono ya mtu wa namna hiyo inaweza kuteleza bila mtu yeyote kumhonga.

Mwisho wa kimya

Leopards waliporudi, hapakuwa na sherehe. Mobutu aliugeuzia mpira mgongo. Kwa Kombe la Dunia lililofuata, la 1978, Zaire ilijitoa katika mechi za kufuzu. Wachezaji wengi wa kizazi kile waliishi maisha ya shida na wakazeeka bila msaada. Wengine walikufa wakiwa wamesahauliwa kabisa.

Kazadi alikufa mwaka wa 1996. Ni mwaka ambao Uvira haiwezi kuusahau kwa sababu nyingine: mwezi wa kumi, vita vya AFDL viliingia mjini, na watu wakakimbia kwa miguu na kwa mitumbwi. Mwaka uliofuata Mobutu alianguka, na jina la Zaire likafutwa. Katika kelele hizo zote, kifo cha kipa mmoja kilipita bila sauti kubwa. Nchi aliyoilindia mlango ilikuwa nayo inakufa.

Anachowaachia wanaobishana

Ubishi wa mpira si mchezo mtupu. Mwezi wa tisa mwaka wa 2008, mjini Butembo, kipa alituhumiwa kutumia uchawi katikati ya mechi. Fujo zikaanza, watu wakakanyagana, na 13 wakafa. Mwezi wa tano mwaka wa 2014, mechi ya Vita Club na Mazembe kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, iliishia kwa fujo na msongamano uliowaua watu 15. Wale wote walikwenda kutazama mpira.

Maisha ya Kazadi hayasemi kwamba upendeleo haupo. Waamuzi wanakosea, na wako viongozi wanaouza mechi. Lakini yanaonyesha kwamba shabiki ana kumbukumbu ya upande mmoja. Kombe la 1967 lililopatikana bila mechi ya mwisho linaitwa ushindi, na kadi ya Ndaye inaitwa wizi. Mtu wa Kumasi anahesabu kinyume, na mtu wa Casablanca ana hesabu yake ya 1973. Yeyote anayetaka haki kwenye ligi ya Kongo hana budi kuanza kwa kuidai hata siku ambayo filimbi imempendelea yeye.

Na yanaonyesha jambo la pili, zito zaidi. Mwaka wa 1974 macho ya watu yalimtafuta mwizi katikati ya uwanja: mwamuzi wa Kolombia, kocha wa Yugoslavia, kipa mwenye mikono ya kuteleza. Wachezaji wenyewe walipokuja kusema, walionyesha kwingine: kwa waliokaa na prime zao hotelini na kwa waliotoa amri bila kuvaa viatu vya mpira. Shabiki anayemrushia mwamuzi mawe huku hajawahi kuuliza pesa za timu yake ziko wapi anamsaidia mwizi kutoroka.

Kazadi Mwamba alilinda mlango wa klabu na wa taifa kwa miaka mingi. Aliondoka na makombe mawili ya Afrika, na dakika 21 ambazo watu hawajaacha kuzibishania.